Yule mtangazaji wa asubuhi amemdhalilisha mzee wetu wa Simba hewani, na mimi sikubali

Mleta uzi: Mkaa Msimbazi

Wadau wa soka, habari za muda huu.

Naandika nikiwa na hasira iliyonipanda tangu asubuhi na haijashuka hata baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo naomba asitokee mtu wa kuniambia nitulie. Yule bwana wa kipindi cha michezo, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa kila mmoja wenu anaijua ile sauti yake inayoweza kuwaamsha waliozikwa Kinondoni, leo alimwalika studioni mchezaji wa zamani wa Simba, mtu wa kumzaa yeye pamoja na bosi wake, halafu akamuuliza nchi nzima ikisikiliza: "Mzee wangu, miaka yote hiyo uliyocheza Simba, hata bajaji hukununua?" Akacheka. Fundi mitambo naye akabonyeza ule mlio wa kicheko cha umati wanaoutumia kwenye vichekesho vyao, na mzee akanyamaza.

Kabla ya swali hilo mzee alikuwa anasimulia vizuri kabisa. Alikuwa anaeleza jinsi walivyokuwa wakikaa sakafuni usiku wa kuamkia mechi, wakishona daluga zilizoachama kwa sindano ya fundi viatu na uzi uliopakwa nta, na jinsi jozi moja ilivyoweza kuvaliwa na mtu mazoezini asubuhi kisha na mwenzake jioni. Alipofika mahali pa kumkumbuka huyo mwenzake, ambaye ni marehemu, sauti ikaanza kumlegea, na hapohapo mwenye kipindi akaona panafaa kuuliza habari ya bajaji. Nilisikia kiti kikilia, nikasikia mzee akikohoa kidogo, kisha likaingia tangazo la sabuni.

Hata bajaji! Mzee huyo alitundika daluga kabla bajaji hazijaonekana kwenye barabara za Dar es Salaam. Alicheza wakati mpira ulikuwa wa ridhaa, mchezaji akiishi kwa ajira ya shirika la umma kama alibahatika kuipata, na kwa posho ya klabu siku ambayo klabu ilikuwa nayo. Hakukuwa na mkataba wa kumlinda wala wakala wa kumtafutia timu, na goti likivunjika mtu alirudi kwao na bandeji. Huyo anayeuliza kuhusu bajaji anakula mshahara kwa kuuzungumzia mpira ambao hao wazee waliucheza kwa njaa, na sijawahi kusikia mtu akimuuliza yeye amenunua nini.

Nimkumbushe alikuwa anazungumza na watu wa namna gani. Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974 na ikatolewa na Mehalla ya Misri. Mwaka 1979 ilifungwa 4-0 hapa nyumbani na Mufulira Wanderers, watu wakaizika, nayo ikaenda Lusaka ikashinda 5-0 na kusonga mbele. Mwaka 1993 ilicheza fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan, ikatoka sare tasa ugenini, kisha ikafungwa 2-0 Dar es Salaam Rais Mwinyi akiwa uwanjani. Wachezaji wa kikosi kile waliahidiwa gari kila mmoja iwapo wangelitwaa kombe, na kwa kuwa hawakulitwaa, magari yaliishia kwenye ahadi. Leo mtu anaketi kwenye kiti cha kuzunguka, kiyoyozi kikimpuliza, anamuuliza mzee wa kizazi hicho habari ya chombo cha magurudumu matatu.

Wapo waliopata pa kushika baada ya kuacha kucheza, na ninawashukuru Mungu kwa ajili yao. Abdallah Kibadeni, aliyefunga mabao matatu tulipoifunga Yanga 6-0 mwaka 1977, ndiye aliyekuwa kocha wa kikosi kilichocheza fainali ya 1993. Jamhuri Kihwelo, yaani Julio, alitoka kwenye ubeki akaingia kwenye ukocha. Selemani Matola, nahodha wa timu iliyoivua ubingwa Zamalek mwaka 2003, alikuja kuwa kocha msaidizi wa klabu hiyohiyo. Lakini benchi la ufundi lina viti vichache, na kikosi kimoja kina watu zaidi ya ishirini. Katika usiku uleule wa Cairo, Juma Kaseja alipangua penalti za Waarabu na Christopher Alex Massawe akapiga ile ya mwisho, nchi nzima ikalala barabarani kwa furaha. Christopher Alex alifariki dunia Dodoma mwaka 2015, bado kijana, baada ya kuugua, na waliomkumbuka katika ugonjwa wake hawakufikia hata sehemu ndogo ya wale waliolipigia kelele bao lake. Angekuwa hai na akaalikwa kwenye kipindi kile, naye angeulizwa bajaji.

Ninachotaka ni kimoja. Aombe radhi katika kipindi kilekile, saa ileile, na ule mlio wa kicheko usisikike tena mzee yeyote akiwa studioni.

Shabiki wa Shaurimoyo:
Mkuu, umeandika kilichokuwa moyoni mwangu. Mimi nilikuwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, na swali lile lilipotoka gari zima lilinyamaza. Mama mmoja aliyekaa nyuma ya dereva akasema, "Huyo hana baba?" na dereva akazima redio bila kuombwa. Katika ile 5-0 ya Lusaka, Thuwein Ally alifunga matatu peke yake ugenini, mbele ya watu waliokuwa na uhakika wa ushindi, na jina lake huyo bwana hawezi hata kulitamka bila kukosea.

Mwananchi wa Jangwani:
Ndugu zetu wa Msimbazi mna machozi ya kuchagua. Sauti hiyohiyo imewasema wakongwe wa Yanga mara nyingi, nanyi mlikuwa mkicheka pamoja na huo mlio mnaoulalamikia leo. Sunday Manara, Kompyuta mwenyewe, alikwenda kucheza Heracles ya Uholanzi katika miaka ya 1970, wakati ambao nyie mlidhani Ulaya ni ya wanafunzi na mabalozi tu, na hakuna siku nimesikia mkimfungulia uzi. Sisi wakongwe wetu tunawapa kazi. Charles Boniface Mkwasa alicheza Yanga, akaifundisha Yanga, akaifundisha Taifa Stars na akawa katibu mkuu wa klabu. Juma Pondamali aliwanoa makipa wetu. Kama mzee wenu hana bajaji, kaulizeni Msimbazi na muiache redio.

Mkaa Msimbazi:
Ndugu yangu wa Jangwani, sikatai kwamba Manara ni mtu mkubwa, na uzi wake ukifunguliwa nitachangia kwa heshima zote. Hapa ninazungumzia mtu aliyekatizwa akimkumbuka rafiki yake marehemu, akaulizwa mbele ya nchi nzima kuhusu bajaji, kisha akachekwa kwa mashine. Kwa mashine! Hata mtu wa kumcheka mzee kwa kinywa chake mwenyewe hakupatikana.

Kijana wa Tabata:
Samahani wakubwa, lakini mleta uzi ametuandikia waraka wenye urefu wa hotuba ya bajeti kwa ajili ya swali la sekunde tano. Swali lilikuwa la kukosa adabu, hilo nakubali. Hata hivyo wapo wachezaji wa zamani waliopata fedha wakazimalizia baa, na vijana wanaocheza sasa kwa mishahara mizuri wanahitaji kuusikia ukweli huo kabla hawajafika miaka 35. Mbwana Samatta alitoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe, akaenda Genk mwaka 2016, akafika Aston Villa mwaka 2020, na hatujawahi kumwona akilalamika redioni. Wewe mwenyewe, badala ya kutuandikia sisi, ulipiga simu kwenye kipindi?

Mkaa Msimbazi:
Nilipiga na simu haikupokelewa. Halafu usimlinganishe Samatta na mtu aliyecheza wakati hakuna hata njia ya kutoka nje bila kuonekana msaliti. Samatta amestahili kila alichokipata, na naamini hata yeye akimkuta mzee yule atainama amsalimie. Nakuuliza wewe kama ungekubali baba yako aulizwe hewani kuhusu bajaji.

Kijana wa Tabata:
Baba yangu anaendesha bajaji, kaka, na inatusomeshea wadogo zangu. Na hilo nalo mngeliangalia, maana mnavyoitamka bajaji humu ni kama vile kuimiliki au kuikosa yote ni aibu.

Kocha wa Mchangani:
Mnapoteza muda na mtangazaji wakati mlango uliofungwa uko kwingine. Mchezaji wa zamani akitaka kufundisha leo anatakiwa kuwa na leseni ya CAF, na kozi hizo zina ada, zina nauli ya kufika zinakofanyika, zina wiki za kulala mbali na familia, na mtu asiye na kipato anaishia kuzisikia kwa wenzake. Ninaelewa umuhimu wa elimu ya ukocha, kwa sababu kucheza vizuri na kufundisha vizuri ni kazi mbili tofauti, lakini klabu iliyomtumia mtu kwa miaka kumi ingeweza kumlipia ada ya leseni ya kuanzia bila kutetereka. Nimesimamia timu ya watoto pamoja na beki mmoja wa zamani ambaye akimsahihisha mtoto namna ya kusimama mbele ya mshambuliaji, mtoto habadiliki tena maisha yake yote. Hana cheti, kwa hiyo siku ya mechi anakaa nyuma ya kamba pamoja na wazazi.

Mwananchi wa Jangwani:
Kocha, hapo umesema. Leodegar Tenga alikuwa beki wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980, kisha akaliongoza shirikisho letu la soka, TFF, kuanzia 2004 hadi 2013, na alikuwa na elimu yake ya darasani mkononi. Wengine wa kizazi kilekile walikuwa na miguu tu. Bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979 ndilo lililotupeleka Lagos, na Watanzania tulisubiri hadi 2019 kuyaona mashindano hayo tena. Bao moja lililokaa miaka 39 bila mpinzani lilitosha kabisa kulipiwa ada ya kozi.

Msukuma wa Kirumba:
Nimewasoma Dar es Salaam wote, Simba na Yanga, na nimechoka. Mmezungumzia kikosi cha 1993 kana kwamba kiliota Kariakoo. George Masatu, Hussein Masha na Nteze John walitoka Pamba ya Mwanza, wakiwa wameshakuwa wachezaji kamili, nanyi mkawavalisha jezi nyekundu na kuwaita wakongwe wenu. Mkongwe wa Pamba aliyebaki Mwanza hakualikwa hata studioni akaulizwe hiyo bajaji. Huyo mzee wenu angalau alipewa maikrofoni.

Mkaa Msimbazi:
Ndugu wa Kirumba, mchango wa Pamba haukatai mtu mwenye akili timamu. Naomba tu turudi kwenye lile swali na ule mlio wa kicheko, kwa sababu kipindi kinarudi hewani kesho asubuhi.

Mdigo wa Barabara ya Ishirini:
Kama ni mikoa, basi Tanga itajwe kwanza. Coastal Union ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, ikaziacha hizo Simba na Yanga zikihesabu magari yao. Juma Mgunda aliyekuwa mshambuliaji wetu aliifundisha Coastal kwa miaka, na Simba ilipokwama mwaka 2022 ikaja kumchukua huku kwetu akaifikisha hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mkongwe wa Coastal ndiye aliyewaokoa, mkampigia makofi kwa miezi michache, kisha mkaleta kocha kutoka nje. Kwa hiyo suala la nani hawaheshimu wachezaji wa zamani tunaweza kulijadili, lakini lisianzie redioni.

Msukuma wa Kirumba:
Coastal mna ubingwa mmoja na mnautumia kila siku kuanzia 1988. Pamba ilitoa wachezaji walioibeba timu ya taifa, na kina Fumo Felician na Kitwana Selemani hamuwezi kuwapata kwenye hiyo Coastal yenu hata mkitafuta kwa tochi.

Mdigo wa Barabara ya Ishirini:
Ubingwa mmoja ni mwingi. Tuonyeshe wa Pamba.

Shabiki wa Shaurimoyo:
Jamani, mzee wetu wa asubuhi mmemwacha wapi?

Kocha wa Mchangani:
Msukuma, hao uliowataja ninawakumbuka vizuri. Kama unacho kikosi kamili cha Pamba cha miaka ile, kiweke, pamoja na kila mmoja anafanya nini sasa.

Msukuma wa Kirumba:
Ninacho chote, kuanzia kipa. Naenda kukifungulia uzi wake leo usiku, na watu wa Tanga wakija waje na jina la mchezaji wala wasije na mwaka 1988.