Mita 300 za tokeni kwa mini-gridi: tudai vyeti gani kabla ya kulipa?

Kisiwani_PV:
Wakuu, habari za kazi. Tuna mini-gridi ya sola upande wa Ziwa Victoria, wateja 300. Muuzaji kaleta bei ya mita za tokeni, fezi moja, 5(60) A, zenye modemu. Vyeti alivyoambatanisha ni ISO 9001, CE na barua yake mwenyewe kwamba mita "zinakidhi STS" (kiwango cha tokeni, zile tarakimu 20 za kulipia umeme kabla). Vinatosha? Na siku gridi ya taifa ikifika, mita zitabaki au tutazing'oa?

Mwanamita:
Havitoshi, mkuu. ISO 9001 inahusu uendeshaji wa kiwanda, mita yenyewe haiigusi. Barua ya muuzaji si cheti.

Dai ripoti ya upimaji wa modeli kwa viwango vya kimataifa vya IEC 62052-11, 62053-21 (usahihi, daraja la 1) na 62055-31 (mita za kulipia kabla pamoja na swichi yake ya ndani), kutoka maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha maabara za upimaji). Ukishaipata, usiishie ukurasa wa kwanza. Linganisha jina la modeli na toleo la programu ya ndani na vile vilivyomo kwenye nukuu ya bei. Mchezo wa kawaida ni ripoti ya mita isiyo na modemu kutumika kuuzia yenye modemu. Modemu inakula umeme wa ndani na inatoa mawimbi, kwa hiyo majaribio ya muingiliano wa mawimbi yanatakiwa yafanywe ikiwemo.

Cheti cha STS hutolewa na STS Association ya Afrika Kusini, kwa modeli, chini ya IEC 62055-41. Tazama pia namba ya mita: ikiwa ni ya tarakimu 11, mbili za mwanzo ni msimbo wa mtengenezaji na ya mwisho ni ya uhakiki. Msimbo usipokuwa wa kiwanda kilichotajwa kwenye cheti, simamisha malipo.

funguo_kwanza:
Naongezea kwenye swali lako la gridi, maana hapo ndipo watu hufungwa.

Kila mita ya STS ina msimbo wa kundi la ugavi, SGC, tarakimu 6. Mwenye SGC ndiye mwenye kuamua nani auze tokeni. Mita zikija na SGC ya muuzaji, umenunua mita lakini duka la umeme ni lake, na akifunga seva wateja 300 wako gizani. Sajili SGC yenu kabla ya oda, iandikwe kwenye mkataba. Gridi ikifika, mita huhamishiwa SGC ya shirika la umeme kwa tokeni za kubadili funguo (namba za siri ambazo mita hutumia kuzitambua tokeni zake), bila kufungua hata skrubu moja. Kama shirika litazipokea ni mazungumzo mengine.

Uliza pia tarehe ya msingi. Tokeni hubeba muda kwa dakika, biti 24, na hesabu iliyoanza Januari 1993 iliisha Novemba 24, 2024. Ndiyo maana wateja wa LUKU walipewa mistari mitatu ya tarakimu 20: miwili ya kubadili funguo, wa tatu wa umeme. Mita zenu zije na tarehe ya msingi 2014, ambayo inafika hadi 2045. Mzigo wa zamani wa stoo ukija na ya 1993, tokeni mpya zitakataliwa moja baada ya nyingine na fundi atadhani kipadi ni kibovu.

Kisiwani_PV:
Asanteni sana. Anasema pia ana cheti cha DLMS (lugha ya mita kuwasiliana na mfumo wa kuzisoma), na kwamba mfumo wowote utazisoma.

Mwanamita:
Cheti hicho kinathibitisha lugha tu. Mfumo wako unaweza kuomba msimbo 1-0:1.8.0 ukapata jumla ya nishati, halafu ukaomba rejista ya kufungua mita ukakuta kiwanda kimeiweka kivyake. Orodha kamili ya misimbo hiyo (OBIS) iwe kiambatisho cha mkataba, na funguo za usimbaji za AES za kila mita mkabidhiwe kwenye faili lililofungwa kwa siri. Lipa asilimia kubwa baada ya mita 10 kusomwa kwenye mfumo wenu.

Mita zikifika, chagua chache bila mpangilio. Mita ya impulsi 1600 kwa kWh, ikiwa na mzigo wa kilowati 1 kamili, taa yake huwaka mara 100 kwa sekunde 225. Pima mzigo kwa mita ya rejea, usiamini lebo ya hita, kwa kuwa volti za mini-gridi hupanda na kushuka. Saa ya mkononi itakuonyesha kosa la 5%, la 1% usiitegemee kulithibitisha. Hilo ni la benchi la kupimia mita, na mita za kuuzia umeme zinahitaji uhakiki wa Wakala wa Vipimo hata hivyo. Taa moja ya LED ya wati 3 isipohesabiwa, usirudishe mita: daraja la 1 kwa 5 A linaanza kuhesabu kwenye 20 mA, yaani kama wati 4.6 kwa volti 230.