Shamba la miti limeungua lote Mufindi, naanzia wapi kuomba msaada?

Paini Tisa: Habari za usiku wakuu. Naishi Dar ila nina shamba la paini Mufindi, kijiji sitakitaja. Ekari 7, miti kama 7,000, ina miaka tisa. Jumamosi moto umelamba lote, na kibanda cha baba mdogo anayenitunzia shamba kimeteketea pamoja na godoro na magunia ya mahindi. Yeye mzima, ameungua kidogo mkono. Tangu siku hiyo sili, silali. Serikali ina msaada gani kwa mtu wa namna hii, na naanzia ofisi gani? Matusi hapana, nimechoka.

Nyanya Chungu: Pole mkuu. Zimamoto 114 mlipiga?

Paini Tisa: Gari haipandi kule, ni mteremko mtupu. Wanakijiji ndio walipambana kwa matawi mabichi hadi saa nne usiku.

Mzee wa Kihenge: Kijana, usianzie mkoani. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, aje na mwenyekiti wa kitongoji waone majivu kabla mvua haijanyesha. Taarifa yao inapanda kata, halafu kamati ya maafa ya wilaya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeziweka kamati hizo hadi kijijini. Ila usijidanganye: kinachotoka huko ni cha kumsitiri mtu, turubai, blanketi, unga. Wa kupewa ni huyo baba mdogo. Miti yako hakuna wa kukulipa.

Kibo Sana: Umenikumbusha Kilimanjaro, Oktoba 2020. Moto ulianzia Whona, pale wageni wanapopumzika kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Sisi huku chini usiku tunauona kama mkufu umevishwa mlima. Wanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka walipanda kuuzima. Mdogo wangu alibebeshwa maji, akarudi na kikohozi cha wiki mbili, na mpaka leo kwenye misiba anasimulia kama aliuzima peke yake.

Dada wa Mezani: Kilimo cha simu hiki. Mtu yuko Sinza, shamba liko Mufindi, barabara ya kinga moto anaionea WhatsApp. Si ungenunua kiwanja?

Nyanya Chungu: Mleta uzi, moto ulianzia wapi?

Paini Tisa: Upepo ulikuwa mkali. Kipindi hiki kule kila mahali kunawaka.

Nyanya Chungu: Upepo hauwashi kiberiti. Ulianzia wapi?

Paini Tisa: Sawa. Baba mdogo alikuwa anachoma mabua kwenye kipande cha mahindi pembeni. Mimi ndiye nilimwambia asafishe, maana mvua za Novemba hazisubiri. Kibali hatukuchukua, kule nani anachukua? Moto ukaruka. Mashamba matatu ya majirani nayo yameguswa, moja la mama mjane. Ndiyo maana kwa mtendaji nasita. Kuna dalali ananunua miti ilivyo, ameshanitumia kianzio laki sita. Simkimbii mtu, nikishapata hela ndipo nitakaa nao.

Mzee wa Kihenge: Kumbe wewe ndiye mlalamikiwa! Sheria ya Misitu ya 2002 ina sehemu nzima ya moto, na kibali cha kuchoma kimo humo. Magogo yakiondoka kabla hujakaa na majirani, siku ya baraza hilo lori utalielezaje?

Mkemia Mbao: Wakuu, hii chai. Paini hupandwa mita tatu kwa tatu, ekari haizidi miti 450. Ekari 7 ni kama 3,100. Hiyo mingine kaipanda kwenye simu? Na picha hakuna.

Kibo Sana: Nilihisi mapema. Eti baba mdogo kaungua "kidogo".

Paini Tisa: Alipanda mbili kwa mbili, akasema tutapunguza baadaye. Hatukupunguza.

Ding Dong Mafinga: Mbili kwa mbili ni miti elfu moja kwa ekari, hesabu yake imekaa. Mnaokomaa na chai hamjawahi kuona paini isiyopogolewa: matawi yanagusa nyasi, moto unapanda kama ngazi. Mkuu, mimi napasua mbao. Kwangua gome usawa wa kifua. Ndani pakiwa peupe na pabichi, mti huo uache. Pakiwa kahawia umekufa, na paini haichipui kama mlingoti, yaani mkaratusi. Iliyokufa inataka kupasuliwa haraka, maana ukungu ukiingia mbao inageuka bluu na bei inaanguka. Dalali analijua hilo, ndiyo maana katuma kianzio upesi. Ila kwa kubanana hivyo usitarajie mbao nyingi, hapo ni mirunda, miti myembamba ya kujengea.

Dada wa Mezani: Na mama mjane naye akwangue gome?

Kibo Sana: Angepanda parachichi tu.

Paini Tisa: Mama mjane nitampigia. Namba yake anayo baba mdogo, naye tangu Jumapili hapokei simu yangu. Dalali analeta mashine Alhamisi. Nimwambie asubiri, au nimrudishie laki sita? Nne nimeshalipia ada ya mtoto.

Mkemia Mbao: Picha.