Tuzo ya Zenger ya Chuo Kikuu cha Arizona, kwa nini ina jina la mume na mke?

Kalamu_ya_Mkoani:

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwandishi wa mkoani, nalipwa kwa stori. Juzi nimekutana na habari ya tuzo inayotolewa na shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Arizona, kule Tucson Marekani, wanapewa waandishi na watetezi wa uhuru wa habari, ipo tangu 1954. Kilichonishtua ni jina lake, John Peter na Anna Catherine Zenger, yaani mtu na mkewe. Mwanzoni lilikuwa jina la mume tu, la mke wakaliongeza baadaye. Huyu mama alifanya nini mpaka chuo kikuu kikarudi nyuma kumwandika?

Nauliza kwa sababu kuna kitu kinanikaa rohoni. Miaka kadhaa nyuma niliandika stori ya ardhi, jioni wakaja watu watatu nyumbani mimi sipo, wanataka laptopu na vifaa vyote vya kazi. Mke wangu akawapa laptopu. Memori kadi alishaifunga kwenye kimfuko cha nailoni akaizamisha kwenye ndoo ya unga, akafunika, akaikalia hiyo ndoo anachambua matembele mpaka wakaondoka. Stori ikatoka, jina langu juu. Lake halikuwepo popote na mimi wala sikuwaza.

Mzee_wa_Mitamboni:

Mdogo wangu, umegusa kazi niliyoifanya maisha yangu yote maana mimi nimezeekea kwenye kuchapa magazeti, ngoja nikueleze vizuri.

Zenger hakuwa mwandishi. Alikuwa mchapaji, Mjerumani aliyefika New York akiwa mtoto mwaka 1710, baba yake alifia safarini, akawekwa kujifunza kazi kwa mchapaji mmoja anaitwa William Bradford. Novemba 1733 akaanza kuchapa gazeti lake, New York Weekly Journal, lililokuwa linamsema gavana wa Mwingereza, William Cosby. Waandishi wake walikuwa watu wengine kabisa, mkubwa wao wakili James Alexander, na hawakuweka majina. Jina lililokuwa kwenye gazeti ni la mchapaji. Kwa hiyo serikali ilipokasirika, matoleo manne yakachomwa moto kwa amri, na tarehe 17 Novemba 1734 akakamatwa nani? Mchapaji. Dhamana ikawekwa pauni 400, hela ambayo fundi wa mtambo hawezi kuwa nayo, akakaa ndani karibu miezi tisa.

Sasa huyo mama ndo anaingia hapo. Gazeti lilikosa wiki moja tu. Moja! Wiki iliyofuata likatoka, Zenger akawaomba radhi wasomaji kwa kukosa toleo lile, akaeleza kwamba sasa ameruhusiwa kuongea na mkewe na wafanyakazi wake kupitia tundu la mlango wa jela na anatumaini gazeti litaendelea kama kawaida. Nilivyosoma hiyo nilisimama kusoma kwanza. Mtambo wa zamani unapanga herufi moja moja za madini ya risasi kwa mkono, kinyumenyume, unapaka wino, unavuta mkono wa mashine kwa kila karatasi, upande huu halafu upande ule, kisha unaanika. Huyu mama kafanya hiyo kazi kila wiki mume yuko ndani, na akijua kabisa wanaweza kumfuata na yeye.

Kesi ikasikilizwa tarehe 4 Agosti 1735. Mawakili wa kwanza, huyo Alexander na mwenzake, jaji mkuu alishawafuta uwakili, ikabidi aje Andrew Hamilton kutoka Philadelphia, mtu mzima, na hakuchukua hata senti. Kwa sheria ya wakati ule ukimsema mtawala vibaya ni kosa hata kama uliyosema ni kweli. Hamilton akakubali kabisa kwamba ndiyo, mteja wangu kachapa, lakini onyesheni uongo uko wapi. Wale raia 12 wa juri wakatoka, hawakukaa sana, wakarudi na jibu moja, hana hatia.

Zenger alifariki 1746 na gazeti likaendelea na huyo huyo mama mpaka 1748 akalikabidhi kwa John, mtoto wa mumewe. Kwa hiyo kwangu mimi walichelewa kuweka jina lake, hawakumpendelea.

binti_kibiti:

Asante mzee, nimesoma mara mbili.

Mimi nikisikia mke wa mwandishi mawazo yanaenda kwa mke wa Azory Gwanda. Azory alikuwa anaandikia gazeti la Mwananchi, kama wewe Kalamu, wa mkoani, anafuatilia mauaji ya Kibiti, viongozi wa vijiji na polisi wanauawa na watu wanaogopa hata kutaja. Tarehe 21 Novemba 2017 mkewe yuko shambani, mumewe akafika na Land Cruiser nyeupe ina watu asiowajua, akamuuliza ufunguo wa nyumba uko wapi, akamwambia nasafiri nitarudi kesho. Hajarudi mpaka leo. Yule dada alipozungumza na waandishi maneno yake ndo yakawa ushahidi wa kwanza tulionao, bila yeye tusingejua hata rangi ya gari. Kuongea vile wakati ule ilitaka moyo jamani. Tukitaja Azory tunataja jina moja.

Wakili_Mdogo:

Nawaheshimu wote humu ila mimi naona tuzo tunazipa uzito kuliko zinavyostahili. Chuo cha Colby kule Maine kina tuzo ya Elijah Lovejoy tangu 1952, kijana waliyemsomesha wenyewe, kamaliza 1826. Huyo alikuwa mhariri wa gazeti anapinga utumwa, mtambo wake wa kuchapa ukaharibiwa mara tatu, wa nne ulipofika Alton, Illinois, kundi la watu wakavamia ghala usiku wa 7 Novemba 1837 wakampiga risasi, siku mbili kabla hajatimiza miaka 35. Tuzo imekuja zaidi ya miaka 100 baadaye. Imsaidie nini?

Na kwetu hivyo hivyo. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, mwenyekiti wa klabu ya waandishi Iringa, yuko kazini. Muungano wa klabu za waandishi, UTPC, wakaanzisha tuzo kwa jina lake, jambo jema sana. Lakini miaka minne tu baadaye ikapita Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kashfa ikaendelea kuwa jinai, kitu kile kile Hamilton alichokuwa anapigana nacho 1735. Iliyotikisa ile sheria ni kesi, Baraza la Habari na wenzake walienda Mahakama ya Afrika Mashariki Arusha, Machi 2019 wakashinda. Hela na nguvu ziende kwa mawakili kwanza.

Mzee_wa_Mitamboni:

Wakili mwanangu, kesi ni muhimu, sibishi. Ila jiulize ile kesi ya 1735 wewe umeijuaje. Alexander aliandika simulizi ya kesi nzima, Zenger akaichapa kijitabu 1736, kikasomwa mpaka London. Kesi isipotunzwa inakufa. Kwangu mimi tuzo ya chuo ni utunzaji wa namna hiyo, mtu anaitwa anasimama mbele ya wanafunzi wa miaka 20 anawaeleza yaliyomkuta, na wale ndo watakaokaa chumba cha habari kesho. Hata Mwangosi, kijana anayeanza kazi leo anaulizia huyu ni nani kwa sababu kuna tuzo ina jina lake.

Wakili_Mdogo:

Hapo kwenye kijitabu nimekuelewa mzee. Bado nasema mawakili kwanza, lakini nimekuelewa.

Kalamu_ya_Mkoani:

Nimerudi. Jana usiku nimemsomea mke wangu yote hii, alikuwa anakunja nguo. Kwenye tundu la mlango akaacha kukunja. Akauliza kitu kimoja, huyo mama alikuwa anasaidiwa na nani pale kwenye mashine, maana na watoto anao. Nikamwambia mzee ametaja wafanyakazi. Akasema basi na wao waandikwe.

Stori yangu inayokuja ni ile ile ya ardhi, nimeongea na mhariri, kakubali niweke mstari wa chini kabisa unaosema kumbukumbu za picha zilihifadhiwa na nani. Mke wangu bado anafikiria kama litoke jina kamili au herufi za mwanzo tu, namsubiri yeye.