Africa Twin CRF1000L au BMW R1200GS kwa lami ndefu na vumbi la kwetu, nichukue ipi?

mwana_kimara

Wakuu habari zenu. Nipo Dar, Kimara huku, pikipiki ndogo nimeendesha miaka mingi kuanzia Boxer mpaka ile XL 125 ya ofisi, sasa nataka nipande nichukue chombo cha safari haswa. Nimechujachuja nimebaki na mbili, zote za mkononi: Honda Africa Twin CRF1000L ya 2017, gia za kawaida sio ile DCT inayobadilisha gia yenyewe, na BMW R1200GS ya 2014 ile iliyokuja na injini ya maji. Bei hazipishani kihivyo kwahiyo hela tuiweke pembeni.

Matumizi yangu makubwa ni lami. Nyumbani ni Iringa, yani Chalinze, Moro, Mikumi, Kitonga, hiyo njia naijua mpaka matuta yake, na mara nyingi nakuwa na wife nyuma pamoja na mabegi. Halafu kuna vumbi, nataka nipande Lushoto niende mpaka Mambo na Mtae, nishuke Kibiti kwenda Mloka, na jumapili za kawaida Kisarawe au Kigamboni kuelekea Kimbiji. Katikati ya wiki naenda nayo kazini Posta, foleni ya Ubungo na Magomeni kama kawa.

Urefu wangu sm 168, wife mwepesi ila mabegi yake sio mepesi 😅

Mtandaoni wazungu wanabishana habari za kona za milima ya Alps, mimi Alps sina. Naona tu GS ina farasi 125 na Africa Twin 95 hivi nikajua GS imeshinda, halafu jamaa mmoja ofisini akaniambia nisithubutu. Waliozipanda hapahapa bongo naomba mnipe ukweli.

kijana_tegeta

Chukua Boxer 150 chenji inayobaki nunua kiwanja Mapinga. Spea kila duka, fundi kila mti 😂😂

vumbi_tu

Mkuu habari za farasi achana nazo. Njia yako yote hiyo ni 50 kila kijiji na trafiki kajibanza na tochi yake, hizo 95 zenyewe utazimaliza wapi?

We angalia tairi la mbele. Africa Twin ni inchi 21 mbele na 18 nyuma, GS ni 19 na 17. Ukisoma unaona inchi mbili ni nini, ila ingia nayo ule mchanga wa Kimbiji ndio utajua. La Honda ni jembamba, 90/90, linakata mchanga linatafuta chini pagumu, la GS ni pana, 120/70, linausukuma mchanga mbele yake, mara usukani unaanza kucheza, wewe unaogopa unakata mafuta, na mchangani ukikata mafuta tu pua inazama umelala. Sio kwamba GS haipiti, inapita, watu wanaizungusha dunia nzima, ila inakutaka usimame, uzito urudi nyuma kidogo na mafuta yasikatike, na hapo ni ukiwa peke yako, sio na wife na mabegi.

Kitu kingine hakiandikwi kwenye makaratasi. Zile silinda za GS zimechomoza kushoto na kulia mbele kidogo ya miguu. Kwenye mchanga pikipiki ikikwama unataka kusukuma na miguu miwili kama bata, sasa kila ukitupa mguu mbele ugoko unakutana na silinda, na ya moto! Africa Twin kiunoni ni nyembamba, miguu inashuka wima.

Uzito wasikutishe, Honda yenye ABS ni kilo 232 na GS ni 238 zikiwa na mafuta, karibu sawa. Tena niwe mkweli, kwa mwendo wa kinyonga GS inajisikia nyepesi kuliko Honda maana uzito wake umekaa chini.

Mimi nasema Honda.

baba_neema

vumbi_tu nakuheshimu ila umejibu swali lako, hujajibu la mwenzio 😀 Kasema kubwa ni lami na nyuma kuna mke.

Kaka mimi natumia GS na mama Neema yupo nyuma safari karibu zote. Shuka Kitonga nyuma ya semi zinazotambaa, hapo kazi ni breki tu, shika, achia, shika. Pikipiki ya shoki za kawaida kila ukishika breki pua inazama na abiria anakuja mgongoni kwako, kofia yake inagonga yako, baada ya nusu saa mmenuniana. GS mbele wana mfumo wao wanauita Telelever, mkono wa chuma unaobeba nguvu ya breki, pua haizami kihivyo, mama anakaa ametulia. Na zile rasta za kuingilia vijijini zinapita laini.

Pili hakuna cheni. Ni shafti. Vumbi jekundu la Usambara likichanganyika na mafuta ya cheni linakuwa msasa, jioni umefika Mambo umechoka unatakiwa uchuchumae na mswaki usugue cheni halafu upake tena. Mimi nikifika naagiza chai.

Kwa foleni ya Ubungo sasa, sio siri, GS ni pana. Ila kinachokwama kati ya daladala mbili sio silinda, ni makasha ya pembeni. Siku za kazi yatoe uache sanduku la nyuma tu. Joto lipo, jua la saa saba Magomeni feni ikiwaka unaisikia magotini, lakini hata hiyo Honda sio friji.

Mikumi usipite usiku na chochote kile, tembo hana taa ya nyuma.

mama_safari

Kaka kimara kuhusu urefu, mimi ni mfupi kuliko wewe na zote mbili nimezipanda. Siti za zote zina ngazi mbili, 850 na 870 mm, weka ya chini. Makaratasi yanasema ziko sawa ila Honda utaiona fupi kwa kile kiuno chembamba alichosema vumbi_tu. Na miguu yote miwili si lazima ifike, mguu mmoja ukanyage vizuri inatosha, unajifunza tu kusimama upande ulioinuka.

Ambacho ningekisisitiza ni springi ya nyuma. Mkipanda wawili na mizigo nyuma inakaa, mbele inakuwa nyepesi, usukani unaelea hata kwenye lami, watu wanasema pikipiki mbovu kumbe hawajakaza springi. Honda ina kirungu cha kuzungusha kwa mkono pembeni hapo, dakika moja kazi imeisha. GS nyingi zina ESA, yani shoki za umeme, unabonyeza kitufe unachagua alama ya watu wawili, inajikaza yenyewe. Tamu sana, ila ikiharibika bei ya hiyo shoki kaa chini kwanza ndio uulize.

Kuelekea Mtae masika msiende na yoyote jamani. Ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni, na upande mmoja ni korongo.

fundi_keko

Nimesoma wote, wengi mmeongelea kuendesha, mimi niongelee kusimama njiani.

Honda: Cheni yake ni saizi 525, za bodaboda ni 428, kwahiyo usitegemee kuikuta Kibiti wala Mombo, hata Kariakoo inabidi uulizie. Nunua seti nzima na sproketi zake uweke ndani mapema. Rimu za CRF1000L ni za spoku na tairi zinatumia tyubu, hiyo ni faida na hasara. Faida ni kwamba kijiji chochote kuna kijana wa pancha anajua kubandika kiraka. Hasara ni lazima utoe tairi, na kulibandua tairi la 150/70-18 pembeni ya barabara jua la saa nane utamkumbuka mama yako. Tembea na tyubu ya 21, hiyo ukibanwa inaingia hata tairi la nyuma kukufikisha mjini, na ukikosa yake ile ya XL uliyoizoea inasogeza safari.

GS: Tairi ni tyublesi, hata zile za spoku, maana spoku zao zimefungwa kwenye kingo za rimu. Msumari ukiingia unachomeka kile kipande cha mpira unajaza upepo unaondoka, hutoi tairi. Lakini kama hiyo yako ni ya rimu za kumimina, shimo moja la maana baada ya mvua linapasua rimu, na hapo kiraka hakisaidii. Valvu za GS kuzipima ni raha, silinda ziko nje unafungua kifuniko umezifikia. Honda unavua plastiki, unatoa tangi, nusu siku imekwenda. Ila GS ikianguka kwenye mawe kifuniko hichohicho ndio kinatangulia kupasuka na oili inamwagika, kwahiyo isitoke Dar bila vyuma vya kukinga pale.

Umeme ndio mtihani. GS ikiwasha taa ya tatizo mafundi wengi hapa watabahatisha, tafuta kifaa cha GS-911, kinatoka Afrika Kusini, unachomeka unasoma kosa kwenye simu. Na spea nyingi watu wanaagiza hukohuko Afrika Kusini.

Kwa safari ulizoandika na mke nyuma mimi ningekupa GS. Ila kama moyoni unajijua Mloka na Kimbiji ndio utakuwa unaenda, na Iringa unapanda basi, chukua Honda.

mwana_kimara

Daah aisee nimepata zaidi ya nilichoomba. Wife nimemsomea ya baba Neema kashachagua yeye 😂 Huyo anayeuza GS kasema niende jumamosi kuiangalia. Fundi nikague nini? Na kwanini wengi huwa wanaikataa DCT, kwenye foleni si ingekuwa nzuri?

vumbi_tu

DCT foleni ni tamu sana hilo sikatai. Tatizo betri ikifa porini huwezi kuisukuma ikawaka, ukizima inarudi neutro yenyewe. Na ni kilo kumi zaidi.

Haya nendeni na GS yenu, tutaonana Kimbiji nikiwavuta na kamba.

fundi_keko

Jumamosi: kwanza namba ya chasi. 2017 BMW waliziita zirudi kukaguliwa GS zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 2013 mpaka katikati ya 2017 kwa ajili ya mabomba ya shoki za mbele, yakipigwa sana yanaweza kulegea. Muulize kama hiyo kazi ilifanyika na akuonyeshe karatasi, hana karatasi basi namba ya chasi itajibu.

Kisha ipandishe stendi ya katikati, shika tairi la nyuma juu na chini ulitikise. Likicheza ni beringi za kwenye difu, ondoka. Pitisha kidole chini ya ule mpira wa shafti, kama kuna oili mbichi ondoka pia. Gonga spoku moja moja na bisibisi, zote zitoe mlio unaofanana. Angalia vifuniko vya silinda chini, mikwaruzo sio kesi, gundi ndio kesi.

Karatasi za ushuru hakikisha zimekamilika na jina la kwenye kadi ndio la huyo anayepokea hela, sio la shemeji yake.

Na mpigie leo umwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukiikuta injini ina joto, kaa hapohapo mpaka ipoe ndio uiwashe mwenyewe.