Kiwanda cha kukamua alizeti: tuchague mahali kwa hesabu gani?

Ushirika_Alizeti
Wakuu, ushirika wetu unataka kujenga kiwanda cha kukamua alizeti mkoani Singida, tani 3,000 kwa mwaka. Alizeti itatoka vituo vinne. Nimechora gridi juu ya ramani, kila namba ni kilomita (kuelekea mashariki, kisha kaskazini):

A (10, 60) tani 900
B (30, 80) tani 600
C (50, 20) tani 1,000
D (70, 50) tani 500

Mafuta tunakadiria 28% ya uzito, yaani tani 840. Yote yatapitia njia panda ya lami E (80, 0) kwenda Dodoma na Dar es Salaam.

Viwanja tulivyopewa ni vitatu. Gharama za kudumu kwa mwaka, kisha gharama kwa kila tani (usafiri umo, bei ya kununua alizeti haimo):

Kijijini, jenereta: milioni 60, na 95,000
Mji mdogo kwenye lami: milioni 90, na 80,000
Mjini: milioni 150, na 62,000

Kamati ilitoa alama 1 hadi 10 kwa kila kigezo, kijiji kikashinda. Sina imani na matokeo hayo. Nianzie wapi?

Tani_Kilomita
Mkuu, anza na kitovu cha mzigo, kinachukua dakika kumi kwenye Excel. Zidisha kila namba ya mashariki kwa tani za kituo chake, jumlisha, gawa kwa jumla ya tani. Fanya hivyo pia kwa namba za kaskazini. Kwa vituo vinne peke yake unapata (37, 49). Ukiingiza mafuta ya E, jumla inakuwa tani 3,840 na kitovu kinahamia (47, 38). Safari ya kutoka E hadi Dodoma au Dar usiiweke: ni ileile popote mtakapojenga, haibadilishi uamuzi.

Ila kuna kitu kikubwa hujakitaja. Mashudu (mabaki ya mbegu baada ya kukamuliwa) yanakwenda wapi? Kwenye tani 3,000 za alizeti mashudu yanafika kama tani 1,950, zaidi ya mara mbili ya mafuta. Wafugaji wa jirani wakiyanunua getini, hesabu hiyo juu inasimama. Yakisafirishwa kupitia E, mzigo wa kutoka unakuwa tani 2,790 na kitovu kinaruka hadi (58, 25), kilomita 17 kutoka pale pa kwanza. Hapo mnachotoa kinakaribia kulingana na mnachoingiza, na faida ya kukaa karibu na wakulima inayeyuka.

Ushirika_Alizeti
Kwa sasa mashudu yatauzwa getini. Kwa hiyo tutafute kiwanja karibu na (47, 38)?

Nukta_ya_Chini
Hapana, usikimbilie hapo. Kitovu cha mzigo kinapunguza *mraba* wa umbali, na lori halilipwi kwa mraba wa kilomita. Jaribu mwenyewe: zidisha tani kwa umbali wa kila kituo, na E ikiwemo, kutoka (47, 38), ujumlishe. Utapata tani-kilomita 139,400 hivi. Kisha weka kiwanda pale pale kwenye kituo C: zinashuka hadi 137,200. Kituo kimoja cha kawaida kimeshinda kitovu.

Kuna njia ya kurekebisha, iliyotolewa na Endre Weiszfeld mwaka 1937. Chukua kitovu kama pa kuanzia. Gawa tani za kila kituo kwa umbali wake kutoka hapo, tumia majibu hayo kama uzito mpya, kokotoa kitovu upya. Mzunguko wa kwanza unakupeleka (48, 35). Endelea mpaka nukta iache kabisa kusogea. Kwa namba zako itatulia karibu na (50, 25), tani-kilomita 136,800. Angalizo: nukta ikiangukia juu ya kituo chenyewe, umbali unakuwa sifuri na Excel inaleta kosa la kugawa kwa sifuri. Ongeza 0.01 kwenye kila umbali.

Sasa tazama tofauti: kutoka kitovu cha kwanza hadi nukta bora kabisa ni 2% tu. Sehemu ya chini ya hesabu hii ni bapa kama sahani. Kwa hiyo msigombane juu ya kilomita tatu au nne. Chora eneo linalozunguka (50, 25), ndani yake tafuteni umeme wa njia tatu (three-phase) na barabara inayopitika masika.

Mawili ya kusahihisha kabla hujaamini majibu. Kwanza, huo ni umbali wa ndege. Viwanja vikishabaki viwili vitatu, pimeni kwa njia halisi. Pili, tani ya alizeti si tani ya mafuta. Mita moja ya ujazo ya alizeti ina kama kilo 400, wakati mahindi hupita 700, kwa hiyo lori la Fuso linajaa kabla ya kufikia uzito wake. Gawa nauli ya safari kwa tani zilizopakiwa kweli, pata bei kwa tani-kilomita, halafu zidisha tani kwa bei hiyo. Hapo ndipo uzito wa kila nukta unakuwa wa haki.

Mpembuzi_Gharama
Nami nashika upande wa viwanja vitatu, maana hapo ndipo fedha inapopotea. Tafuta kiasi ambacho gharama za viwanja viwili zinalingana: tofauti ya gharama za kudumu igawe kwa tofauti ya gharama kwa tani. Kijiji na mji mdogo: milioni 30 kwa 15,000, ni tani 2,000. Mji mdogo na mjini: milioni 60 kwa 18,000, ni tani 3,333. Chini ya 2,000 kijiji ni nafuu, katikati mji mdogo, juu ya 3,333 mjini.

Kwa tani 3,000: kijiji milioni 345, mji mdogo 330, mjini 336. Lakini viwanda vingi vya alizeti hukosa malighafi kabla mwaka haujaisha. Mkipata tani 1,500 tu: kijiji 202.5, mji mdogo 210, mjini 243. Dhidi ya kijiji, mji mdogo unazidiwa milioni 7.5 mwaka mbaya na unaongoza kwa 15 mwaka mzuri. Mjini mwaka mbaya unawaumiza kwa milioni 40. Mimi ningechukua mji mdogo.

Kuhusu alama za kamati: mkimpa mwenye gharama ndogo 10 na mwenye kubwa 1, tofauti ya milioni 15, ambayo haifiki 5%, inageuka pointi tisa. Tena kama "usafiri" ulipewa alama wakati umo kwenye gharama, umehesabiwa mara mbili. Masharti yasiyo na mjadala (hati ya kiwanja, kibali cha mazingira, umeme) yaondoeni kwenye alama: kiwanja kisichoyatimiza kinatoka. Kwa yaliyobaki, kama ulinzi au upatikanaji wa mafundi, ulizeni kamati: mko tayari kulipa milioni ngapi kwa mwaka kwa ajili ya hili? Jibu lijumlishwe na gharama.

Ushirika_Alizeti
Nashukuru sana wakuu. Mji mdogo tutahitaji transfoma yetu. Iingie wapi?

Mpembuzi_Gharama
Kwenye gharama za kudumu, lakini si yote mwaka wa kwanza. Ikiwa milioni 45 na mnaikadiria miaka 10, ni milioni 4.5 kwa mwaka, na juu yake riba ya mkopo. Hata bila riba, 90 inakuwa 94.5, mpaka na kijiji unapanda kutoka tani 2,000 hadi 2,300, na mpaka na mjini unashuka hadi 3,083. Tani 3,000 inabaki ndani, ila kwa nafasi ya tani 83 tu upande wa mjini. Pateni makadirio ya TANESCO kwa maandishi kabla ya kulipia kiwanja.