Kila nikiitwa kushuti ni mlinzi wa geti. Nikatae?

Mwana_Mvumi
Habari zenu wakuu. Mimi ni Mgogo wa Mvumi, Dodoma, naigiza tangu 2011, jukwaani kwanza, kisha tamthilia. Nina miaka 36 ila uso umewahi kukomaa, basi mwongozaji akinipigia ni mlinzi au mzee wa kijijini. Wiki iliyopita nimepanda treni ya SGR kwenda Dar kwa sini (vipande vya tamthilia) mbili za mlinzi, nikaambiwa "weka Ugogo zaidi", yaani nivuruge Kiswahili watu wacheke. Imeniuma, bibi yangu ataiona. Waliokaa sana kwenye kazi hii, nizikatae hizi nafasi nisubiri kubwa?

Mama_Jukwaa, Chang'ombe
Mbukwa mwanangu. Miaka 22 nimecheza mama mkwe, mganga, muuza pombe. Mhusika mkuu sijawahi, na wanangu wamesoma. Nafasi usiikatae, kataa dhihaka. Huyo mlinzi analala wapi? Hela anamtumia nani? Nilipopewa muuza pombe nilikwenda Chamwino, nikakaa siku tatu kwa mama mmoja anayepika pombe ya mtama. Akipima, kikombe hakiangalii kabisa, anamwangalia mnunuzi usoni. Nilibeba hicho tu. Sini yangu moja ikawa tano.

Halafu nyie wa jukwaani! Pale Nyerere Square, uwanjani Dodoma, bila kipaza sauti lazima umfikie aliyesimama nyuma kabisa. Kamera ikiwa puani kwako, sauti ile ile ni kelele. Tuliza mikono, macho yafanye kazi.

Lafudhi yetu iache, ndivyo tunavyoongea. Kuvuruga sentensi makusudi ni kuwatukana wazee wetu. Mwambie mwongozaji hivyo, pembeni, si mbele ya watu wa kamera.

Msafiri_Kibaigwa
Mama kamaliza. Marehemu King Majuto, yule mchekeshaji, alianza jukwaani akiwa mtoto huko Tanga, akaigiza mpaka uzeeni, na alipofariki Agosti 2018 hata watoto wadogo walikuwa wanamjua. Ila kaka, usipande treni kabla siku za kushuti, nauli na malipo havijaandikwa.

Mwana_Mvumi
Asante sana mama, asante kaka. Wamenipigia tena, Jumatatu, mlinzi yule yule. Nimeomba kitu kimoja: gari likiingia getini, awasalimie kwa Kigogo "mbukwenyi" kwa sauti yake ya kawaida, bila kuchekesha. Mwongozaji kasema tutajaribu.