Kinu changu kimepasuka usiku, je, kinatibika?

Mama Mwiko
Wajuzi wa mbao, nisaidieni. Nimeletewa kinu kidogo cha kuchongwa kwa mkono, cha kutwangia vitunguu saumu, pamoja na mchi wake. Kizito, kizuri, alama za tezo bado zinaonekana kwa nje. Nikakiosha, nikakianika juani kutwa nzima ili kikauke vizuri. Usiku nasikia "ta!" jikoni. Nikadhani paka. Asubuhi nakuta ufa umeanzia mdomoni, umeshuka hadi katikati ya ubavu, ncha ya kisu inaingia.

Dada yangu anasema niujaze gundi. Jirani anasema nikilowanishe kwa mafuta ya kupikia mpaka kishibe. Nimsikilize nani? Na aliyekichonga, ametupiga?

Kijiko Kimoja
Pole. Tafuta cha jiwe, hakisikii jua.

Tezo Butu
Huyo wa jiwe mwache na jiwe lake.

Dada, pole sana. Mimi nachonga vinu, miiko na machano, huu mwaka wa 19. Kinu changu cha kwanza kilikufa hivyohivyo: nilikiacha juani nikaenda kula, kurudi nakuta kimeachama.

Kigeuze uangalie kitako. Unaona miviringo, kama ile ya maji yaliyotupiwa kokoto? Pale inapoanzia ndipo penye moyo wa mti. Kama moyo umo humo, basi kinu chako ni gogo zima lililofukuliwa. Sasa mbao ikikauka haisinyai sawasawa. Kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Kutoka moyoni kwenda gomeni inasinyaa kiasi, lakini kwa kufuata miviringo inasinyaa takriban mara mbili ya hapo. Mzunguko wa nje unataka kufupika, mti wa ndani haupungui kiasi hicho, hawaelewani. Lazima mmoja achanike. Ndiyo "ta!" yako. Na mdomoni nyuzi zimekatwa kichwa, ni kama mirija iliyo wazi, maji yanatoroka hapo haraka kuliko ubavuni. Jua lilikausha mdomo, tumbo likabaki bichi.

Mmepigwa? Nusu. Moyo peke yake si kosa, kwenye kinu kuukwepa ni kazi. Ila mti mbichi huchongwa mara mbili. Kwanza unaufukua kienyeji, kuta nene, unapaka nta mdomoni na kitakoni, unakifukia kwenye maranda yake mwenyewe kivulini, miezi. Mimi nakiweka kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka ndipo nakimalizia. Chako kimerukishwa hapo katikati.

Gundi kwa sasa hapana. Ufa umefunguka kwa sababu ya ukavu. Ukiujaza kitu kigumu, siku kinu kikinywa maji kikavimba, kile kigumu hakikubali kubanwa, na ufa unasonga mbele. Kikae kivulini, mbali na moto, mwezi mzima. Chora mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa. Ufa ukiuvuka, bado unatembea. Ukitulia, chonga kabari nyembamba ya mti uleule, ipake gundi upande mmoja tu, upande wa pili ubaki huru kucheza. Ukifika kitakoni, usihangaike tena, kifanye cha kuwekea miiko.

Mafuta hayatibu ufa, yanapunguza tu kasi ya unyevu kuingia na kutoka. Na hayo ya kupikia mengi hayakauki, yananata, mwishowe yanachacha. Tumia mafuta ya kitani yasiyotiwa kitu, hayo hugeuka ganda. Yale ya kupakia fanicha yanayoitwa ya kuchemshwa yaache, mara nyingi yana dawa za metali za kuharakisha ukavu. Na kitambaa ulichopakia kitandaze, usikifinye ukakitupa pipani: mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kujiwasha. Moshi wa namna hiyo nimeunusa karakanani kwangu mara moja, inatosha.

Mama Mwiko
Nimekigeuza. Moyo upo, tena umekaa pembeni, na ufa uko ubavu uleule ulio karibu nao! Mawili tu fundi. Ufa hautafuga vijidudu? Na mwiko wangu mpya kila nikiuosha unaota manyoya.

Tezo Butu
Ufa huwa unapenda njia fupi, umesoma vizuri.

Manyoya ni nyuzi zilizolazwa, zikinywa maji zinasimama. Uloweshe mwiko, uache ukauke, piga msasa mwepesi, rudia mara mbili tatu kabla ya kupaka mafuta.

Vijidudu: miaka ya 1990 Dean Cliver na wenzake, Chuo Kikuu cha Wisconsin, walimwagia bakteria vibao vya kukatia. Waliozama ndani ya mbao hawakuzaana, wengi wakafa humo. Lakini ufa ni mfereji, mabaki yanalala ndani. Usugue kwa brashi, na chochote chenye damu kisiingie humo.

Kijiko Kimoja
Mizani kila wiki? Kumbe kinu kina kliniki. Neno langu la jiwe nalirudisha, nusu.

Mama Mwiko
Penseli nimechora, kinu kiko chini ya kitanda. Dada yangu ameficha gundi yake kwa hasira.